Kiache Kianguke

Jua lilikuwa linazama nyuma ya kanisa la mji wa Taal, Ufilipino, wakati Leonila alipotoka msibani kwa Mang Tinong. Uchungu wa kahawa ya msiba ulikuwa bado mdomoni. Hakuna aliyemsindikiza hadi mlangoni, maana wafiwa hawasindikizi mtu, na yeye hakumuaga yeyote. Yote aliyafanya inavyotakiwa.

Lilibaki moja. Ukitoka kwa maiti huendi kwako moja kwa moja. Unapita mahali pengine kwanza, dukani, kwa kinyozi, popote, ili roho yoyote iliyokufuata ibaki huko. Leonila alikuwa na mama mgonjwa kitandani, kwa hiyo hili hakulifanyia mzaha.

"Upite mahali, mwanangu," Aling Dolor, mjane wa marehemu, alikuwa amemnong'oneza. "Mama yako hana nguvu za kupokea wageni."

"Nitapita, Mama."

Na kweli akapita. Lakini mahali alipopachagua, jamani! Hakuna aliyemwonya, kwa sababu nani angedhani kuna mtu mzima wa kufanya vile? Alipita kwenye karakana ya marehemu mwenyewe.

Alikuwa na sababu yake. Jumapili ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa mji, naye alikwisha kujitapa mtaa mzima kwamba atachezesha balisong uwanjani, kisu kitupu, mbele ya wanaume waliomcheka. Balisong ni kile kisu chenye mipini miwili inayofunguka na kufungika, makali yakiwa katikati. Mang Tinong alivitengeneza maisha yake yote. Kwa mwaka mzima alikuwa akimfundisha Leonila kukizungusha, tena kwa hadhari ya kuudhi, kwa sababu Leonila alidarizi mashati ya harusi, na vidole vile ndivyo vilivyomlisha yeye na mama yake.

Hivyo makali yaliviringishwa kitambaa na kufungwa uzi. Viatu miguuni. Polepole. Shika mpini usio na kifungo cha kubania, maana huo hukutana na mgongo wa kisu. Ule mwingine hukutana na makali, na ukiushika vidole vyako viko hapo. Na kikikuponyoka, fungua mkono, ruka nyuma, kiache kianguke.

"Kisu kinauzwa sokoni," mzee alizoea kusema. "Kidole je? Niambie kibanda chake."

Leonila alipoomba aondolewe kitambaa, jibu lilikuwa lile lile. "Bado." Kisha mzee akafa, na bado yake akaenda nayo.

Karakana haikuwa imefungwa. Ndani kulinuka pembe ya nyati ya kutengenezea mipini, iliyoungua kwenye jiwe la kunolea. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na mwanga wa dirishani ulikuwa unakwisha. Akakitungua kisu chake cha mazoezi msumarini.

Mara chache tu, alijiambia. Halafu nyumbani.

Tak. Tak-tak. Mipini ikafunguka, ikafungika. Mkono ulikuwa mwepesi jioni ile. Tak-tak. Akasimama kupumua.

...Tak.

Akasikiliza. Labda panya. Labda bati linapoa. Kisha ikaja harufu ya tumbaku, ile ya majani makavu, karibu mno na sikio lake.

"Mpini gani?"

Mdomo ulijibu kabla ya akili, kwa mazoea. "Usio na kifungo, mzee."

"Vizuri."

Nywele zikamsimama. Mang Tinong alikuwa amelala chini ya kioo cha jeneza, mtaa wa tatu kutoka pale, pamba puani. Ilimpasa akimbie. Lakini sauti ilikuwa ya mzee wake, naye alikuwa amemkumbuka sana siku zile, kiasi kwamba kwa nukta moja furaha ilikuwa kubwa kuliko hofu.

"Endelea."

Akaendelea. Tak-tak, tak-tak.

"Haraka zaidi."

Kwa mwaka mzima Mang Tinong hakuwahi kumwambia haraka.

"Toa kitambaa."

"Mzee...?"

"Toa."

Akatazama chini. Kitambaa kilikuwa tayari miguuni pake, na uzi umekatwa vizuri.

Na kisu kilikuwa bado kinazunguka.

Alitaka kusimama. Mkono ukakataa. Kiwiko, kifundo, vidole, vyote vilikwenda vyenyewe, kwa kasi asiyoijua, makali yakipita jirani na ngozi hata akahisi upepo wake. Jasho likamjaa kiganjani. Mpini ukateleza. Kisu kikaruka juu mbele ya uso wake, kikageuka, kikaanza kushuka.

"Daka!"

Sauti ilipiga kelele ndani ya sikio lake, na haikuwa ya mzee tena.

Vidole vilikwisha kuanza kujikunja. Kilichomwokoa ni Mungu na mafunzo tu. Leonila alifungua mkono, akajitupa nyuma, akafumba macho kungoja mlio wa chuma kwenye saruji.

Kimya.

Kisu hakikuanguka.

Gizani mtu akavuta pumzi kwa meno, kama aliyekatwa. Kisha tone likadondoka sakafuni. Na jingine.

Leonila hakumbuki alivyotoka mlangoni. Anakumbuka amepiga magoti msibani, uso kwenye sketi ya Aling Dolor, akieleza kwa kigugumizi huku wacheza karata wa mkesha wakiziacha karata zao mezani.

"Onyesha mikono," mjane alisema.

Akaionyesha. Vidole kumi, bila hata mchubuko.

Aling Dolor akainuka, akaenda kwenye jeneza. Kioo hakikuwa kimefunguliwa tangu asubuhi. Chini yake mikono ya marehemu ilikuwa imepishana kifuani, na kwenye vidole vinne vya mkono wa kulia kulikuwa na jeraha moja refu, wazi, na damu mbichi ikiingia kwenye rozari.

"Tinong wangu," mjane alisema polepole. "Amekidaka yeye."

"Mimi alinikataza," Leonila alilia. "Kila siku alinikataza..."

"Alikukataza wewe."

Mjane akaegemea jeneza. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Na aliyekuambia udake, alikuwa nani?"

"Alikuwa na sauti yake, Mama. Na tumbaku yake."

"Sikukuuliza sauti. Nimekuuliza ni nani."

Jirani akatumwa akalale kwa mama yake Leonila, na Leonila mwenyewe akabaki pale kwenye benchi, katikati ya watu, taa zote zikiwaka. Watu walimletea kahawa, hakuipokea. Alikuwa ameikalia mikono yake miwili, ameibana chini ya mapaja kwa uzito wake wote, kwa sababu kila alipoilegeza, vidole vilianza kujikunja vyenyewe, tayari kudaka.