Vificho Saba vya Mzee Nkwabi

Mkeka-pima ulikuwa na urefu wa mita kumi, mweusi, laini kama ngozi ya kambare, na ndani yake kulikuwa na vihisi elfu kumi na mbili. Aliyetaka kupimwa alivua viatu na kutembea juu yake kwa mwendo wake wa kawaida. Vihisi vilisoma uzito wa kila hatua, mapigo ya damu katika nyayo, na muda ambao mguu mmoja uliusubiri mwingine. Alipofika mwisho, mkeka ulimtajia idadi yake.

Asubuhi hiyo ya Januari watu wapatao themanini walikuwa kwenye foleni katika ukumbi wa Chama cha Vificho, Mwanza. Kila mmoja alisubiri kuambiwa anaweza kutunza vificho vingapi mwaka huo, yaani makopo yenye daftari ndani, yaliyofichwa ili wasakaji wayatafute na kuandika majina yao.

"Arobaini na vinne," mkeka ulimwambia mwalimu mmoja, naye akarukaruka kwa furaha.

Akafuata Mzee Nkwabi Malongo, fundi bomba mstaafu mwenye miaka sabini na miwili. Alipita akiwapungia watu mkono kama bwana harusi.

"Saba," mkeka ulisema.

Ukumbi uliangua kicheko, kwa sababu wote walijua mzee huyo ana vificho hamsini na vinane.

"Saba!" Bi Minza, katibu wa chama, alipiga makofi. "Mimi mwenye goti la chuma nimepewa kumi na tisa! Kuanzia leo, Nkwabi, wewe ndiye utakayeniamkia."

Mzee alimgeukia binti yake aliyesimama kando ya mtambo. "Milembe, mama, mkeka wako umelewa."

Milembe alicheka pamoja na wengine, ila macho yake yalikuwa kwenye kioo cha mtambo.

Yeye ndiye aliyeubuni. Alikuwa mhandisi wa mwendo, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuzifundisha roboti kupanda ngazi. Chama kilimwita baada ya mtu mmoja kuficha makopo mia nne kwenye vilima vyote vya jiji kisha akayasahau. Makopo yalijaa maji, madaftari yakaoza, na wasakaji waliofuata ramani kwenye saa zao za mkononi wakakuta uchafu uliobanwa kwenye mawe. Jiji lilitaka kuupiga marufuku mchezo wote. Roboti zilikuwa tayari zinafagia, zinapika na kuendesha vigari vya angani vinavyopita kati ya vilima, kwa hiyo wengine walipendekeza zitunze na vificho. Wachezaji walikataa kabisa. Kificho, walisema, hutembelewa na mwenyewe, kwa miguu yake, mara nne kwa mwaka. Swali likabaki moja: mtu mmoja anaweza vingapi? Milembe akatengeneza mkeka wa kulijibu.

Jioni, nyumbani kwao Isamilo, alifungua vipimo vya baba yake. Alivipitia mara tatu. Mguu wa kushoto ulichelewa kidogo kila baada ya hatua ya tatu, na mapigo katika nyayo yalikuja hafifu, yakijikusanya, kama maji yanayosukumwa na pampu iliyochoka. Mkeka haukuwa umekosea. Uliona moyo.

"Umeshaurekebisha?" Mzee aliuliza kutoka jikoni. "Nina siku thelathini tu kabla hawajagawa vificho vyangu kwa watu wasiojua hata kufunga mfuniko."

Milembe alikuwa na ufunguo wa marekebisho. Akibonyeza mara mbili tu, saba ingegeuka hamsini na nane, wala hakuna ambaye angeuliza.

"Kesho twende wote kwenye kile cha juu kabisa kilimani," alisema. "Nikuone unavyopanda."

"Utaachwa nyuma."

Waliondoka saa moja asubuhi. Majabali ya kilima kile yamepangana kama mafungu ya viazi sokoni, na njia hupita katikati, nyembamba. Mzee alitangulia na mfuko wake wa kazi begani. Vificho vyake vilijulikana mji mzima. Alivitengeneza kwa vipande vya bomba, akaziba ncha kwa mifuniko ya kukaza na kuzungushia utepe wa mafundi, na kwa miaka thelathini havikuwahi kuingiwa na tone la maji.

Kwenye kona ya kwanza alisimama. "Hapa ndipo mama yako aliponiambia hawezi kuolewa na mtu anayenuka gundi," alisema, akaendelea kueleza alivyojibiwa na alivyojitetea. Kwenye kona ya pili alisimama kusimulia ya tajiri aliyemwita azibue sinki akakuta meno ya bandia. Milembe alicheka hadi akashika jiwe. Kwenye kona ya tatu kulikuwa na hadithi nyingine. Ya nne pia.

Hapo ndipo alipoelewa. Hadithi zilikuwa zinakuja pale njia inapopanda. Baba yake alikuwa anapumzika ndani ya hadithi hizo.

"Baba," alisema, "tangu lini?"

Mzee alikuwa amefungua mdomo aanze nyingine. Akaufunga. Alikaa juu ya jiwe, akajifuta shingo kwa leso.

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na daktari?"

"Nimekwenda. Amenipa vidonge na maneno mengi. Vidonge nakunywa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungenifungia ndani na moja ya roboti zako inilishe uji."

Milembe alishindwa kumkatalia, maana angefanya hivyo hasa. Alitazama ziwa lililokuwa jeupe kwa jua, kisha akasema taratibu, "Naweza kuandika hamsini na vinane. Uvishike tu kwa jina. Nitapanda mimi."

Mzee alimtazama kwa muda. Hakukasirika, alionekana kama mtu aliyepewa zawadi isiyomtosha na hataki kumuumiza mtoaji.

"Mama, sikiliza. Mtu anatoka Geita, anapanda hapa na watoto wake, anafungua anakuta maji. Jina lililoandikwa juu ni langu. Nkwabi fundi bomba, kopo lake linavuja! Nitauweka wapi uso wangu? Na ukipanda wewe, basi si changu. Acha saba. Mkeka wako hauna adabu, lakini umesema kweli."

Hawakufika juu siku ile. Waliteremka wameshikana mikono, na mara hii Milembe ndiye aliyesimulia.

Mzee Nkwabi aligawa vificho hamsini na kimoja kwa mikono yake mwenyewe. Kila aliyepokea alifundishwa kwanza kuzungusha utepe, na walioharibu walirudia hadi Bi Minza akalalamika kwamba chama kimegeuka chuo cha ufundi. Saba alivyobakiza vilikuwa vya tambarare, karibu na nyumba. Alivitembelea mara nyingi kuliko kanuni ilivyotaka. Mwezi wa tisa alifariki usingizini.

Kwa kanuni, vile saba vilimwangukia Milembe. Januari alivua viatu akapita juu ya mkeka wake.

"Sabini na vitatu," mkeka ulisema.

Kwa hiyo saba vilikuwa kama si kitu. Angevimaliza vyote Jumamosi moja kabla ya chakula cha mchana.

Alianza na kilicho karibu na shule. Akafungua, akatoa daftari. Kati ya majina ya wasakaji kulikuwa na maandishi aliyoyajua, makubwa, ya kuegemea kushoto: *Nimekuja. Nimebadilisha utepe. Jua kali. Mzima.* Na chini, wiki mbili baadaye: *Nimekuja. Kuna mjusi. Mzima.* Alisoma ukurasa, akarudi nyuma ukurasa mwingine. Alipoinua kichwa jua lilikuwa limeuacha ukuta wa shule.

Mwaka ukapita hivyo. Alitoka na mfuko wa kazi, akafika kwenye kificho cha kwanza au cha pili, akafungua daftari, akasoma hadi jua likazama, akarudi nyumbani. Vingine vitano hakuvigusa.

Novemba, Bi Minza alikuja akichechemea hadi kwenye kochi. Alizungumza habari za mvua kwanza.

"Mwanangu, vitano vimelalamikiwa. Viwili vina maji." Alisita. "Wewe una miguu ya sabini na vitatu."

"Najua, mama."

"Basi niwaambie nini?"

Milembe alichukua fomu ya mwaka ujao. Pale palipoandikwa *idadi inayowezekana*, aliandika mwenyewe kwa kalamu: viwili. Bi Minza alisoma, akatikisa kichwa taratibu, akaikunja fomu.

"Nina watu wa kuvichukua hivyo vitano. Nitawapa madaftari mapya. Ya mzee nitakuletea hapa, uyahifadhi."

"Yaanikwe yakauke," Milembe alisema, "kisha yarudishwe humo humo. Kurasa bado zipo. Waandike chini ya maneno yake."