Mozelle Avua Soksi

Mozelle Tibbs alikuwa amejipamba kama anayekwenda kanisani. Kofia kichwani, soksi ndefu nzito, viatu vya kubana. Kumbe alikuwa anakwenda kwa daktari, hapo hapo mjini Memphis, Marekani.

"Miguu imevimba hivyo, unaibana ya nini?" aliuliza Cleophus, mumewe.

"Mtu mweusi akienda hovyo hovyo, hawamjali. Mama alinifundisha hivyo."

Daktari, Mzungu mmoja, hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. Akauliza hali. Mozelle akajibu, "Sijambo." Basi, yakaisha.

Jirani yao Verdell, nesi mstaafu, alimkuta ameketi barazani anahema.

"Ulimwambia daktari kuwa pumzi inakukatika?"

"Nimwambie yule? Hata jina langu halijui."

"Na miguu?"

"Iko ndani ya soksi."

"Heh! Basi umemfichia ugonjwa. Uvimbe na kuhema huenda ni moyo, Mozelle. Utakuua huo."

Mozelle aliogopa, tena sana.

"Una haki ya kubadili daktari," Verdell aliendelea. "Wengi wetu huridhika zaidi na daktari mweusi mwenzetu, kwa sababu tunakuwa huru kusema. Wapo Wazungu wanaosikiliza vizuri pia. Wako hasikilizi. Omba upangiwe Dokta Gaines, yupo kliniki hiyo hiyo. Lakini naye si mpiga ramli, usipomwambia hatajua."

Mozelle alipiga simu kliniki. Akaambiwa nafasi ni mwezi ujao.

"Miguu imevimba na pumzi inanikatika," alisema kwa sauti kavu. "Siwezi kungoja."

Akapewa nafasi kesho yake.

Dokta Gaines, mwanamke mweusi, alivuta kiti karibu. "Mama Tibbs, nieleze tangu mwanzo."

Mozelle alieleza yote, hata hofu yake. Kisha akavua viatu na soksi mwenyewe. Daktari alibonyeza kifundo cha mguu, shimo likabaki. Vipimo vikaonyesha moyo umedhoofika. Akampa dawa, akamkataza chumvi.

"Na mboga zako usizipike na nyama ya nguruwe ya chumvi."

"Hata kipande kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Wakacheka wote wawili.

Baada ya wiki kadhaa uvimbe ulipungua. Mozelle akawa analala vizuri. Ndipo alipomgeukia mumewe.

"Cleophus, ule mkojo unaokusumbua, umemwambia daktari wako?"

"Aa, yule ana haraka sana."

Mozelle alibonyeza namba za kliniki, akamtia simu mkononi.

"Sema," alimwambia. "Nakusikiliza."