Simu ya Siku ya Thelathini

Mgonjwa wa kwanza kujibu kabla hajaulizwa alikuwa dereva mstaafu wa malori. Ilikuwa saa nne asubuhi, na Takwimu, binti wa kupiga simu za hospitali, hakushtuka. Alifurahi. Simu fupi, kazi inasonga.

"Habari za leo, mzee. Napiga kutoka kitengo cha moyo, nina maswali mach..."

"La kwanza hapana," sauti ikasema. "La pili hapana. La tatu hapana. La nne kama kawaida. La tano anameza zote."

Ilikuwa sauti ya mzee mwenye adabu zake, imenyooka, haivuti pumzi kati ya neno na neno. Nyuma yake kulikuwa na mdundo, du-du, du-du, na kwenye vitundu vya mkono wa simu ilitoka harufu ya chuma kilicholowa.

"Haya, asante mzee, basi nakutakia..."

"La sita andika kesho. Saa kumi na moja na robo alfajiri."

Matano ya kwanza ni ya maumivu, pumzi, chakula na dawa. Swali la sita mgonjwa hasomewi. Limeandikwa hivi: *Kama amefariki, taja tarehe na saa.*

Takwimu si jina lake. Alipewa na Mbio, mwenzake wa dawati, siku aliyoingia na shahada yake ya takwimu kwenye bahasha ya plastiki. First class, tafadhali. Miaka minne ile shahada ilikaa kabatini kama maiti isiyo na ndugu, huku kila ofisi ikimwambia hana uzoefu, kana kwamba uzoefu unauzwa dukani karibu na chumvi. Mwishowe hospitali ikampa contract ya miezi mitatu: kupigia watu simu kuwauliza kama wapo hai.

Daktari wa kitengo alikuwa bingwa wa kuzibua mishipa. Mtu analetwa kashika kifua, anapitishiwa waya mwembamba mkononi mpaka kwenye moyo, penye kuziba panawekwa kibomba cha wavu, damu inapita, ndugu wanalia kwa furaha. Shida ni baadaye. Wengine damu inaganda tena mle mle kwenye wavu, wengine figo zinagoma, wengine wanavuja kwa ndani hawajui. Daktari alitaka kujua mapema ni nani. Alikuwa na karatasi ya alama: umri, figo, saa ngapi ulichelewa kufika. Alama nyingi, nyekundu. Alama chache, kijani. Siku ya thelathini Takwimu anapiga simu kuona kama karatasi ilisema kweli.

Na kwenye orodha ile alikuwemo baba yake, fundi cherehani, aliyezibuliwa wiki moja kabla ya yeye kuanza kazi. Alama tatu. Kijani kibichi.

"Huyu atakushonea gauni la harusi," Daktari alimwambia.

"Atasubiri sana, dokta," Takwimu alijibu. Lakini usiku ule alilala usingizi wa kweli, wa kwanza tangu baba aanguke. Mama hayupo, ndugu hana. Ni baba tu.

Dereva alifariki kesho yake, saa kumi na moja na robo alfajiri.

Wiki hiyo sauti ilijibu simu ya mwalimu. Kisha ya fundi rangi. Wengine wote walijibu wenyewe, wakikohoa, wakilalamikia dawa, wakiuliza kama wanaruhusiwa nyama. Ila kwa hao wawili alipokea yule yule, na saa alizotaja hazikukosea hata dakika. Mbio akaanza kumwita Mzee, kwa utani, halafu utani ukaisha na jina likabaki.

Wa nne alikuwa muuza mikate, mama wa watoto watatu, alama mbili. "La sita kesho, saa nane kamili mchana," Mzee akasema. Safari hii Takwimu alikimbia kwa Daktari. Gari likatumwa, mama wa watu akaletwa anacheka, "Mmenitoa kwenye unga wangu kwa nini nyie?" Akalazwa, akafungwa nyaya, akapigwa picha ya moyo mara mbili, kila kitu safi, na kesho yake saa nane kasoro dakika moja alikuwa anawasimulia habari za mwanawe wa mwisho, madaktari watatu wamemzunguka, dawa mkononi, mashine imewashwa, na ilipotimia saa nane akanyamaza katikati ya jina la mtoto, na kwa saa nzima ya kumkandamiza kifua hakuna aliyeweza kulimalizia.

Daktari alitoka akivua glavu. Jioni alimwita Takwimu.

"Karatasi yangu inapatia watu sita kwa kumi," alisema polepole. "Huyu wako hajakosea."

"Dokta, huyo si mtu."

"Sijauliza ni nani. Andika anachosema. Data ni data."

Hapo ndipo elimu inapotufikisha.

Mbio akamleta mganga, kwa mlango wa nyuma, saa ya chai. Mganga alivua kofia, akaweka mkono wa simu sikioni, wakampigia fundi bomba aliyefikia siku yake ya thelathini. Alisikiliza. Alirudisha mkono wa simu mahali pake taratibu na kulipangusa sikio lake kwa shati, mara tatu, nne, tano.

"Hili halikutumwa na mtu," alinong'ona. "Wala halina kiti, mtu wa kulibeba, nitaliondoa kwa nani? Nyinyi mnauliza, lenyewe linajibu. Acheni kuuliza."

"Na walioulizwa tayari?" Takwimu akamuuliza.

Mganga akavaa kofia yake akaondoka.

Daktari alipoambiwa alicheka kwa pua. "Niache kuuliza? Research ni nini sasa?"

Alhamisi baba alitimiza siku thelathini. Takwimu aliwahi ofisini, akaichukua fomu yake, na bila kugusa simu akaandika *hakupatikana* mara tatu, nyakati tatu tofauti, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma. Akaomba ruhusa kwa kusingizia tumbo. Nyumbani akaizima simu ya baba na kuitia kwenye droo ya vifungo.

"Leo hufanyi kazi?" baba aliuliza. Alikuwa cherehanini, miwani puani, amenenepa kidogo, anapendeza.

"Nimekuja kukuangalia."

"Mimi sinema?"

Takwimu akacheka. Akakaa kwenye kigoda karibu na magoti yake kama alipokuwa mdogo, cherehani ikienda, du-du, du-du, na akajiambia kwamba hajauliza mtu, hakuna aliyeuliza, siku itapita.

Saa saba na dakika ishirini na nne simu yake mwenyewe ikaita. Ofisini. Akadhani ni habari ya ruhusa.

"Dada, samahani," alikuwa Mbio, anasema chini chini. "Dokta kanisimamia hapa. Baba yako hakupatikana mara tatu, ikabidi nishuke kwa ndugu wa karibu. Ndugu wa karibu ni wewe, sahihi yako hii hapa."

Alikuwa ameisaini mwenyewe, usiku ule baba alipoanguka, bila kusoma.

"Mbio, kata simu."

"Sema tu mzima, nijaze, yaishe."

Akamtazama baba. Mzima. Anatia uzi kwenye sindano, ulimi nje, mzima kabisa, na Takwimu akafungua kinywa kusema neno hilo moja, ila kabla ya neno ilikuja harufu, haikutoka kwenye simu, ilipanda kooni mwake mwenyewe, chuma kilicholowa, na ulimi ukaacha kuwa wake, na alipotaka kuuma, meno hayakufungika, na alipotaka kuitupa simu vidole vilikaza, na pumzi ikakata kifuani ingawa sauti ilitoka, imenyooka, ina adabu zake.

"La kwanza hapana," alisema. "La pili hapana. La tatu hapana. La nne kama kawaida. La tano anameza zote."

Baba akainua macho juu ya miwani. "Mwanangu? Unaongea na nani hivyo?"

"La sita andika leo. Saa saba na nusu mchana."

Saa ya ukutani ilionyesha saba na dakika ishirini na sita. Kwenye simu ilisikika kalamu ya Mbio ikikwaruza karatasi, haraka, mpaka mwisho wa mstari.

"Asante kwa ushirikiano, mzee," Mbio akasema, kama fomu inavyoelekeza. "Siku njema."