Shikamoo ya Tatu

Vicheko vilikuwa vinne, na waliokuwa wakipepeta mchele uani kwa Teresia, pale Kilosa, walikuwa wanawake watatu.

Walikuwa wakiwasema waume zao. Generoza alilalamika kuwa wa kwake akikoroma bati linatikisika. Costancia, kuwa wa kwake sabuni haijui. Teresia, asiyependa kushindwa hata kwa maneno, akatia yake: "Wangu mimi namwozesha, kama mwanangu wa kumzaa. Anayemtaka amchukue, mimi nibaki kuamkiwa shikamoo." Wenzake wakacheka hadi nyungo zikayumba. Kicheko cha nne kilitoka nyuma ya rundo la pumba, laini, cha kike, na pumba zikanukia marashi.

Mchana huohuo Mathayo, mumewe, alirudi kutoka kulima kwa pawatila, trekta lake dogo. Akasimama mlangoni, kichwa chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Teresia akajibu, akidhani ni utani.

Haukuwa utani. Mathayo alikula kwa adabu, na usiku akachukua shuka lake. "Mama, si vizuri nilale chumbani kwako." Asubuhi akamwamkia tena, na Teresia, usingizi ukiwa bado machoni, akaitikia kwa mazoea. Ndipo aliponusa marashi kwenye shati la mumewe, na hofu ikamshika.

Akapanda basi hadi Mikumi, kwa mganga Kondo.

"Umemwozesha jini kwa kinywa chako, na umeitikia mara mbili," mganga alinong'ona. "Ya tatu ndiyo idhini. Mpaka jua la kesho lizame, usiitikie shikamoo ya mtu yeyote. Ukivuka hapo, mumeo amerudi."

Kesho yake Teresia alijifungia ndani na Mathayo. Alimtaka huyuhuyu, mkimya, anayemwachia kipande cha mwisho cha nyama bila kusema neno. Aliona aibu kwamba hilo hakuwahi kuwasimulia wenzake.

"Shikamoo, mama," Mathayo aliomba, machozi yakimlenga. "Nimekukosea nini?"

Teresia akauma kanga, na huko nje vikuku vya miguuni vikaanza kulia, vikizunguka nyumba kutoka dirishani hadi jikoni na kutoka jikoni hadi dirishani, marashi yakipenya chini ya mlango, naye akiutazama wekundu wa jua ukutani ukipungua, ukibaki upana wa kiganja, kisha wa kidole, kisha kama uzi.

Vikuku vikanyamaza. Mlango ukagongwa kwa pupa. Ilikuwa sauti ya Lightness, bintiye Generoza, ikilia.

"Shikamoo mama Teresia! Njoo, mdogo wangu kaungua na maji ya moto!"

"Marahaba, kaungua wapi?"

Kisha hiyohiyo sauti, sasa laini, ya mwanamke mzima: "Asante, mama."

Mathayo akafuta machozi, akanyoosha kola ya shati, akaenda kumfungulia mkewe.