Talaka Iliyozama

Mchota, mashine ya kuchota kumbukumbu, alifanya kazi bila kelele. Alivuma tu, kama nyuki aliyeshiba, huku mkono wake wa chuma ukitandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele juu ya upara wa mzee mmoja aliyeketishwa kwenye kiti cha mbele. Ukutani kioo kikaanza kung'aa. Kwanza ulikuja ukungu, kisha chumba, kisha wanaume wawili wakigombea mpaka wa shamba mbele ya hakimu. Waliokuwa kwenye foleni wakarefusha shingo, maana ugomvi wa shamba la mwenzio una utamu wake. Punde picha ikatulia, ikageuka maandishi, na mashine ikatema karatasi ngumu yenye muhuri wa Mahakama ya Kaunti ya Ungwana Mpya.

Mzee akavuliwa nyuzi. Akasimama, akatazama huku na huku.

"Kwani nimefuata nini hapa?" akauliza.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Barke naye alicheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Alikuwa fundi wa pampu za jiji, mwanamke ambaye maisha yalishamchapa kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na bado hayajamng'oa meno ya kuchekea. Lakini kicheko kilipokwisha alimgeukia bibi mzee aliyekuja naye. Zamu iliyofuata ilikuwa yao.

Jiji la Ungwana Mpya lilisimama juu ya nguzo, likitazama mafuriko yaliyolimeza jiji la kwanza. Kabla ya maji hayo, serikali ya kaunti ilikuwa na mpango ambao mpaka leo hakuna anayekubali kuwa aliubuni yeye. Ndoa zilisajiliwa kwenye setilaiti, huko juu kusikofika tope wala panya. Talaka, kwa kuwa hakuna anayezipigia vigelegele, ziliachwa kwenye makaratasi, ghorofa ya chini kabisa ya mahakama. Maji yalipokuja yakachukua talaka zote. Ndoa zikabaki zinang'aa mbinguni.

Ndivyo Barke, aliyeachika miaka tisa iliyopita, alivyojikuta mke wa mtu.

Aliligundua hilo alipokwenda na mchumba wake, Shekuwe, kwa sheikh kupanga ndoa ya Ijumaa. Sheikh aliliingiza jina lake kwenye kisomaji cha mezani, na setilaiti ikajibu bila haya: *Ameolewa. Mume: Badi Komora. Makazi: Mwezini, kituo cha machimbo.* Sheikh akafunga kisomaji polepole.

"Binti yangu," alisema, "mimi siozeshi mke wa mtu. Niletee hati ya talaka, nami nitawaoza hata kabla chai haijapoa."

Kufungua kesi upya kungemhitaji Badi ashuke Duniani, na Badi hakuwa mtu wa kushuka. Basi Barke akaenda mahakamani kuomba nakala ya hukumu. Karani, kijana mpole aitwaye Jillo, alimwuliza jina lake kamili, jina la mume, mwaka wa hukumu na nambari ya kesi.

"Nambari?" Barke alishangaa. "Kaka, nilitoka mle ndani nikilia. Ningeiandika kwa machozi?"

Jillo alicheka, akatafuta, akarudi mikono mitupu. Jalada lilizama. Ilibaki njia moja. Sheria mpya iliruhusu hukumu iliyopotea ichotwe kutoka katika kichwa cha mtu aliyekuwamo chumbani siku ile, mradi asiwe mume wala mke mwenyewe.

"Kwa nini nisiwe mimi?" Barke aliuliza.

"Kwa sababu aliyeachwa na aliyeacha hukumbuka kwa moyo, dada. Tulijaribu. Kila mume aliyeketi pale alitokea kwenye kioo akiwa mrefu kuliko alivyo."

Kadhi aliyehukumu alikwisha fariki. Karani wake na wakili hawakujulikana waliko. Alibaki mtu mmoja tu, Bi Tima, mama yake Badi.

Sasa Bi Tima alikuwa amekalia benchi, kashata mkononi, akimtazama Mchota kama atazamavyo kuku wa kununua.

"Kina mto kiti hiki?" aliuliza.

"Kina, bi mkubwa," Jillo alisema, akapiga magoti mbele yake ili wasikilizane. "Lakini lazima nikueleze kwanza. Kumbukumbu ni kama fundo la uzi. Mchota hawezi kulisoma bila kulifungua, na likishafunguliwa halifungiki tena. Kinachochotwa hakirudi. Siku ile itatoka yote, pamoja na kila kilichoning'inia humo."

"Mjukuu wangu, mimi nasahau mpaka chumvi ya mchuzi. Unanitisha na siku moja?"

"Mama," Barke aliingilia, "hulazimiki. Tutatafuta njia nyingine."

"Ipi? Utapiga mbizi?" Bi Tima alikung'uta chenga za kashata mapajani. "Sikiliza, we Barke. Ile siku haikuwa arusi wala maulidi. Nimeibeba kama mtu abebavyo jiwe kiatuni. Wakiitaka, waichukue, na kiatu wakitaka."

"Kweli mama?"

"Badi aliniletea binti. Badi akaondoka, binti akabaki. Maji yalipokuja nilitoka nyumbani kwa mgongo wa nani? Haya, niondoleeni kilemba tumalize, nina njaa."

Barke akamvua kilemba mwenyewe, akambusu utosini. Ndivyo alivyofikiri naye: ilikuwa siku mbaya, na nani ataililia siku mbaya? Hakuwaza zaidi ya hapo. Ijumaa ilikuwa imeliziba dirisha lote la akili yake.

Nyuzi zikatandazwa. Mchota akavuma. Kioo kikapata ukungu, kisha kikapambazuka.

Barke akauona ukumbi wa zamani, pangaboi linazunguka kwa uvivu, kadhi na miwani yake. Kisha akajiona mwenyewe, na hakujitambua mara moja. Alikuwa mwembamba kama ufito, ndani ya buibui la kuazima, ameinamisha kichwa. Siku ile alikuwa amelia mpaka asione kitu. Sasa alijitazama kwa macho ya mtu mwingine, na macho hayo hayakubanduka kwake hata kidogo. Kadhi akisema, yanamtazama Barke. Wakili akikohoa, yanamtazama Barke.

Kisha sauti ya Bi Tima ikasikika kutoka kiooni, changa kidogo.

"Kadhi, huyu Badi nimemzaa mimi. Kila Jumamosi ananipigia kutoka huko juu. Ana mke mwingine huko na mtoto, na aliniomba nifiche. Nimeficha mpaka mbavu zinaniuma. Mtoto wa watu anamngoja mtu asiyerudi. Mwacheni aende."

Chini ya kioo ikaonekana mikono miwili imeshikana kwa nguvu, vidole vimepauka. Ilikuwa mikono ya mama anayemtoa mwanawe kwa ulimi wake mwenyewe. Barke aliziba mdomo. Miaka yote hiyo alijua kwamba Bi Tima alimsaidia. Hakujua ilimgharimu nini.

Picha ikatulia. Karatasi ikatoka. Jillo akaigonga muhuri wa pili, akampa Barke kwa mikono miwili. *Ndoa ya Badi Komora na Barke Hamaro imevunjwa.* Alikuwa huru, kwa maandishi, mbele ya setilaiti na ya sheikh.

Bi Tima alivuliwa nyuzi, akapepesa macho, akamwona.

"We Barke!" alisema. "Mbona unalia? Badi kakuudhi tena?"

Foleni ikaanza kucheka, ikaona uso wa Barke, ikanyamaza.

Jillo alimsogelea. "Unaweza kumweleza, dada," alinong'ona. "Atakuamini. Ila atasikia kama habari, si kama jambo analolikumbuka. Kwake itakuwa imetokea leo."

Barke akamfunga mama kilemba upya, taratibu, apate muda wa kufikiri. Wakatokea kwenye ukumbi wa nje, ule wenye sakafu inayotembea yenyewe, wakasimama bega kwa bega huku jiji likiwapita.

"Badi hajambo lakini?" Bi Tima aliuliza. "Mtoto yule ana moyo mzuri, ni uvivu tu wa kukupigia simu. Mvumilie, mwanangu."

Karatasi ilikuwa ndani ya mkoba wa Barke. Ilisema kila kitu, mke wa pili na mtoto na siri. Angeisoma kwa sauti, ukweli ungekuwa wake wote. Lakini alimtazama mama aliyetoka kurudishiwa mwana asiye na doa, uso umelegea, kama mtu aliyetua mzigo asiojua kwamba alikuwa nao. Barke hakuwa na zawadi ya kulipia siku ile. Akaona kwamba hii inaweza kuwa zawadi, kama ataweza kunyamaza.

"Mama," alisema, "mimi na Badi tuliachana. Zamani."

Bi Tima alishika ukingo wa chuma uliokuwa ubavuni mwake. 

"Kosa la nani?"

"La Mwezi, mama. Uko mbali mno."

"Nilimwambia asiende!" Bi Tima akafuta jicho kwa pindo la leso. "Nilimwambia. Kwa hiyo wewe si mkaza mwanangu tena?"

"Mama..."

"Ngoja kwanza, usinikatize, nimeachwa sasa hivi." Akavuta pumzi. "Na mbona nakumbuka nimeshona nguo ya arusi? Ijumaa. Arusi ya nani?"

"Yangu."

"Salaale! Mtu hajakauka machozi ya talaka, unamwita arusini!" Alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamtangulia, kikamtikisa mabega hadi machozi mengine yakamtoka. Kilipotulia akauliza kwa sauti ndogo, ambayo Barke hakuwahi kuisikia kwake: "Sasa mimi nitakaa upande gani? Sina mwana wa kuoa wala wa kuolewa."

"Unaye," Barke alisema. "Utakaa kwa bibi arusi, mama. Pale akaapo mama."

"Mbele?"

"Mbele kabisa."

Bi Tima akanyoosha kilemba chake. Kisha akapitisha mkono wake kwenye kwapa la Barke, akamwegemea.

"Basi nishike vizuri, mwanangu," alisema. "Wale watu wamenichosha, na hata sijui wamenifanya nini."