Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Theodory

Soko la Mbuyuni siku ya Jumanne halina nafasi ya kupitisha hata umbea, lakini marehemu alipita. Mektrida, fundi cherehani wa Majengo, alikuwa ameinamia mkungu wa ndizi, gauni lake la kitenge chekundu limemkaa vizuri kuliko linavyotakiwa kumkaa bibi wa miaka sitini na sita, aliposikia baridi shingoni.

"Bado unabonyeza ndizi kama unafinya mashavu ya mtu, Meki."

Aliyemwita Meki alikuwa mmoja tu, mchumba wake wa ujanani, naye alikuwa kaburini kijijini Kilema tangu vita vya Kagera. Aligeuka. Mzee mrefu, koti la kijivu, kovu la kidevuni palepale.

"Theodory? Si ulikufa?"

"Hapana. Nimestaafu."

Mektrida aliacha ndizi, kikapu na kiatu kimoja.

Siku ya tatu simu ikalia. Namba yake Theodory alikuwa amepewa na mdogo wake, Kornel.

"Meki, usikate."

"Huko mliko kuna mtandao?"

"Niko stendi, nakunywa chai."

"Maiti wanakunywa chai?"

"Bila sukari. Daktari amekataza."

Mektrida akacheka bila kupenda, na Theodory akapata nafasi ya kueleza. Alijeruhiwa, akalala hospitali miezi hajitambui, na nyumbani ikafika barua kwamba amekufa. Mwili haukuwepo, hivyo ndugu walikata mgomba, wakauviringisha kwenye blanketi lake, wakauzika kama desturi na kupanda mimea ya masale juu. Aliporudi alisimama njiani akaona kaburi lake mwenyewe, na Mektrida kando yake, mtoto mgongoni.

"Nikajua umeolewa. Nikageuza." Akaendesha malori, akafundisha shule ya msingi, akasoma, mwisho akawa profesa wa saikolojia ng'ambo, miaka thelathini akiwaeleza Wazungu kwa nini hawapati usingizi.

"Mtoto yule alikuwa wa dada yangu, mjinga wewe! Mimi sikuolewa! Nimevaa nyeusi mwaka mzima kwa ajili ya mgomba!"

Sauti ya Theodory ikashuka.

"Kila siku ya Marehemu Wote nilikuwa nakusikia. Mwaka mmoja uliniambia mkanda wa cherehani umekatika, nikuombee. Nilikuwa kwenye theluji, Meki. Na nimewafundisha wanafunzi kwamba sauti kama hizo zinatoka kichwani mwa mtu."

Maneno yale Mektrida aliyasema kaburini, akiwa peke yake.

Jumamosi Theodory alifika Majengo, viatu vinang'aa, mkononi ameshika isale, jani ambalo Mchagga akiombwa nalo msamaha hawezi kukataa.

"Nisamehe, mpenzi. Unioe… yaani, nikuoe."

"Umelichuma wapi?"

"Kilema. Pale kwangu."

"Kaburini? Profesa mzima! Isale la pale lina mwenyewe. Umemwibia!"

"Aliyelala pale ni mgomba tu."

"Nimeongea nao miaka arobaini na tano, meku, mzee wangu. Sasa si mgomba tena. Kaburi lifukuliwe kwanza, nijue naolewa na nani. Siolewi na mtu mwenye kaburi."

Walipanda Kilema kesho yake baada ya misa. Ukungu ulikuwa umelala migombani saa sita mchana, na kuku wa Kornel hawakutaka kusogea. Kornel akachimba. Hakukuwa na mgomba, wala hata uzi wa mgomba. Kulikuwa na blanketi tu, limekunjwa pembe kwa pembe, halina chembe ya udongo.

"Sisi tulilifunga kwa kamba," Kornel alinong'ona, jembe likamponyoka. "Nani amelikunja?"

"Hivi ndivyo tulivyofundishwa kukunja kambini, jeshini," Theodory akasema.

Mektrida alipiga magoti akaligusa. Lilikuwa na joto, kama kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi.

Kisha akanyoosha mkono akapokea lile isale kutoka kwa Theodory.

"Nimekusamehe. Nimewasamehe wote wawili, wewe na huyu wa kaburini. Twendeni, na asigeuke mtu."

Ndoa ilifungwa baada ya Pasaka. Wanaishi Majengo, wanataniana mpaka majirani wanafunga madirisha. Theodory ni mwembamba kama ufagio, lakini mezani anamaliza sahani mbili za mtori wa ndizi, na ya pili hakumbuki kuila. Mektrida haulizi. Anapakua, anaisogeza.

"Na mwenzio naye ashibe, baba."