Kichwa cha Kang Lhamo

"Mama, kuna mtu kaniwekea mguu kichwani."

Futi alicheka, akampa chai ya siagi. Doma alikuwa na miaka sita na maneno ya bibi kizee. Lakini siku ya tatu shingo ya mtoto ikalemewa, kidevu kikashuka kifuani, na adhuhuri, jua likiwaka, hatua zikasikika juu ya paa. Ko, ko, misumari juu ya bati. Futi alitoka kutazama. Hapakuwa na mtu.

Mumewe Ongchu, aliyeshuka na wageni kutoka mlimani wiki ile, alidondosha kikombe.

"Baba Doma, umefanya nini huko juu?"

"Sijafanya kitu."

"Usinifanye mjinga! Mtoto anakufa huyu!"

Ongchu akasema yote. Kila apandaye Kang Lhamo husimama hatua chache chini ya kilele, maana kile ni kichwa cha Mama mwenye mlima, na kichwa hakikanyagwi.

"Mgeni alitaka picha juu kabisa. Nikakataa, akaniita mwoga mbele ya wenzangu. Hasira zikanishika, nikapanda mimi. Na viatu vya misumari, Futi."

Wanaume bwana! Kuitwa mwoga tu.

Lama Tenpa, kuhani wa kijiji, alikuja mbio, akafukiza matawi ya mreteni, lakini chini ya ule moshi ikaja harufu ya barafu kuukuu, baridi ikashuka darini ikameza joto la jiko, na zile hatua zikaingia ndani, zikavuka boriti moja baada ya nyingine hadi juu ya Doma, naye akainama, akainama, mpaka paji la uso likagusa magoti na damu ikaanza kumtoka puani.

"Anataka kichwa," lama alinong'ona. "Bila kichwa hatoki."

Ongchu akajilaza kifudifudi sakafuni. "Ni mimi niliyekukanyaga, Mama. Mwache mwanangu. Nikanyage mimi."

Hatua zikakoma. Doma akainuka. "Mama, nina njaa." Futi akamkumbatia, akalia kwa furaha.

Ongchu aliinuliwa na watu wawili. Shingo yake haijanyooka mpaka leo. Hulima viazi akitazama vidole vyake vya miguu, na mara nyingine husimama, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mama Doma, bado yupo?"

"Kashashuka zamani, mume wangu," Futi humjibu. Kisha, jua la kiangazi likiwaka, humpangusa theluji nyweleni.